Simu Mpya Katika Bonde la Mathare

Jembe huhukumiwa shambani, halihukumiwi dukani. Dukani majembe yote hung'aa na mpini wa kila moja ni laini. Udongo wenye mawe ndio utakaosema lipi ni jembe na lipi ni chuma kilichopakwa rangi. Kila mkulima aijua kanuni hii, na ajabu ni kwamba sisi wengine huisahau mara tufikapo mbele ya kabati lenye simu. Hapo muuzaji hutusomea hesabu za kamera na za kumbukumbu, nasi hutikisa vichwa kama watu waliohubiriwa. Msomaji, umefundishwa darasani kuhakiki shairi na hadithi: kuuliza mtunzi alikusudia nini, alimtungia nani, na kama amefaulu. Nataka tuulize maswali hayo hayo juu ya simu mpya, maana simu nayo ni kazi ya watunzi. Kuna mtu aliyeketi mahali akaamua kitufe kikae wapi, neno gani liandikwe juu yake, na mwenye kuitumia awe mtu wa namna gani.

Mahali pa hukumu yetu ni Mathare, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Bonde hili limelala kando ya barabara ya Juja, ng'ambo ya Eastleigh, na mto wenye jina hilo hilo hupita chini yake. Nyumba nyingi ni za mabati, na aghalabu chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 huwa jiko, sebule na malazi ya jamaa nzima. Pengine, kama Mlango Kubwa, zimesimama nyumba za ghorofa zilizobanana hata jua huingia kwa kubahatisha. Huko ndiko nilikoiweka kando simu yangu ya vitufe nikashika simu ya kioo, ambayo vitabu huiita simujanja. Haya nikuelezayo ni maoni ya mwezi wa kwanza, mwezi ambao macho bado huona tofauti. Baada ya hapo mtu huzoea, na aliyezoea ni shida kuhakiki.

Si haki kumsema mgeni kabla ya kumtaja aliyetangulia. Simu ya vitufe Wakenya huiita kabambe, na kwa sababu ya tochi iliyo kichwani pake wameipa jina lililo ushairi mtupu: mulika mwizi. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira uliozuia vumbi. Ubavu wake haukuteleza katika mkono wenye jasho. Ilikuwa na tochi, na juu ya tarakimu 5 palikuwa na kinundu ili kidole kijue kilipo hata gizani. Ni kipande cha plastiki, sikatai. Lakini ukikisoma vizuri utaona kwamba mtunzi wake aliwafikiria watu wa nchi zenye vumbi, joto na giza. Hata M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilitungwa ipite katika simu ya namna hiyo bila haja ya intaneti, na mpaka leo mtu huweza kubonyeza nyota, 334 na alama ya reli, akalipa karo.

Sasa tuitazame simu mpya, na tuanze na betri, maana bila betri hayo mengine yote ni kioo cheusi.

Betri ya Nokia 1100 ilikuwa na ujazo wa miliampea-saa 850. Simu mpya ya bei ya wastani aghalabu hubeba 5,000. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atagawanya, atatuambia kwamba betri mpya ni kubwa karibu mara sita, na atatazamia idumu mara sita. Yatokeayo ni kinyume. Ile ya kale, kwa ahadi ya waundaji wake, iliweza kungoja hadi saa 400, yaani zaidi ya siku 16. Hii mpya ikimaliza siku mbili imejitahidi sana. Nguvu huenda wapi? Sehemu kubwa huliwa na kioo, kwa kuwa ni taa pana iwakayo kila uitazamapo. Sehemu nyingine huliwa na mambo usiyoyaona. Simu ya kale ikingoja, ilingoja kweli. Simu mpya, hata inapolala mfukoni, programu zake huamka kimya kimya, huuliza mnara kama kuna habari, hupeleka hili na kuleta lile, kisha hulala tena. Na kila kuamka kuna gharama yake katika betri, na pengine katika bando pia.

Kwa mtu mwenye tundu la umeme karibu na kitanda chake jambo hili ni dogo. Ataichomeka usiku, na asubuhi ataikuta imeshiba. Lakini katika sehemu nyingi za bondeni umeme hufika kwa waya za kuunganishwa huku na huko bila idhini, na watu huuita sambaza. Waya hizo hukatwa, hurudishwa, huungua. Na nguvu yake hupanda na kushuka hata vitu vya umeme vikaharibika. Siku umeme usipokuwapo, wenye simu huzipeleka kwa mchajishaji kibandani na kuziacha huko kwa malipo ya shilingi chache. Zamani hili halikuwa tatizo, kwani uliacha kwake plastiki yenye majina ya jamaa. Nilipompelekea yangu mpya, kijana wa kibanda aliigeuza mara mbili mkononi, akasema, "Mwalimu, ile ya kubonyeza niachie hata wiki nzima. Hii keti nayo hapa." Nikaketi karibu saa mbili. Hapo nilielewa kwamba mtunzi wa simu hii, alipokuwa akiitunga, hakuwahi kukiona kibanda.

Kioo nacho kina sifa na kasoro. Sifa yake ni kwamba hugeuka kuwa chochote: sasa ni ukurasa, sasa ni ramani, sasa ni vitufe vya kikokotozi. Kasoro yake hutokana na namna kinavyofanya kazi. Kioo hiki huhisi badiliko dogo la umeme lifanywalo na ncha ya kidole. Tone la maji nalo hulifanya, na kwa hiyo kioo chenye maji huchanganyikiwa, kikabonyezwa pasipo mtu. Mama afuaye nguo kwa kibarua Eastleigh, mikono imejaa povu, huweza kupokea kabambe kwa kidole gumba bila kutazama. Hii mpya itamtaka ajikaushe kwanza, na simu ya kazi haingoji mtu ajikaushe. Wala sitasema mengi juu ya kuvunjika, kwa maana kila mmoja wetu amekwisha kuona kioo chenye nyufa kama utando wa buibui, na mwenyewe akisoma kwa kuipinda shingo.

Tochi ndiyo iliyonishangaza. Simu mpya inayo, tena kali kuliko ya zamani. Lakini katika kichochoro cha saa tatu za usiku, mwenye kuiwasha hutangaza kwa wote waliopo kwamba mkononi ana kitu cha maelfu ya shilingi. Tochi ya kabambe ilimulika mwizi, hii humwita. Nikaona nimerudia kutembea gizani kwa kuhesabu hatua, nikiwa na taa mfukoni. Mambo ya aina hii hayaandikwi katika karatasi ya muuzaji, na haitoshi kujibu kwamba kosa ni la wezi. Kosa ni lao, ndiyo. Lakini chombo hukaa katika dunia iliyopo.

Nije sasa kwenye lugha, na hapa, msomaji, uniwie radhi nikikawia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Simu hizi huweza kuwekwa katika Kiswahili, na nilifanya hivyo siku ya kwanza. Nilikutana na Mipangilio, Arifa, Ruhusu, Sasisha, Pakua. Ni maneno mazuri, mengine ya zamani yaliyopewa kazi mpya. Anayeyadharau eti yanachekesha hajajiuliza kwa nini neno la Kiingereza lenye kazi hiyo hiyo halimchekeshi. Taabu huanza pale unapoandika. Ubao wa herufi hujaribu kukukisia neno kabla hujalimaliza, na kubahatisha huko kulitungwa kwanza kwa lugha za maneno mafupi yasiyobadilika sana. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina sura nne au tano. Chukua chetu cha kupiga simu: nitakupigia, hawakunipigia, tulipompigia, usiponipigia, wangalitupigia. Kila moja ni neno moja katika maandishi, na ndani yake mna mtenda, mtendwa, wakati, na wakati mwingine sharti au ukanushi. Zidisha nafsi kwa nyakati, zidisha tena kwa kauli za kutendea na kutendana, utapata maelfu ya sura za shina moja. Mashine iliyokariri orodha ya maneno itayapigia mstari mwekundu maneno sahihi kabisa, kama mtahini aliyekariri majibu asiijue kanuni. Vijana wa Mathare waandikao Sheng, ambayo hubadilika kabla wino haujakauka, wameamua kuuzima usahihishaji huo, nami siwalaumu.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo nadhani hutalisikia dukani. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya biti 1,120. Herufi za kawaida hukaa katika biti 7 kila moja. Gawanya, utapata herufi 160, ndicho kipimo tukijuacho. Ikiingia alama moja tu isiyokuwamo katika orodha hiyo ya kawaida, ujumbe wote huandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi. Gawanya tena: zimebaki herufi 70. Kikaragosi cha uso unaocheka ni alama ya namna hiyo. Lakini tazama na hili: baadhi ya simu mpya hupenda kugeuza alama iliyosimama wima katika neno ng'ombe kuwa alama iliyopinda, ipendezayo wachapaji. Ile ya wima imo katika orodha, iliyopinda haimo. Basi mtu awaandikiaye wazazi kijijini kuhusu ng'ombe mmoja huweza kutozwa ujumbe wa pili au wa tatu, asijue kamwe kwamba alilipia mkunjo wa alama. Kiswahili, chenye herufi chache zisizo na vitone wala vikofia, kilikuwa kimeingia katika ujumbe mfupi kama mkono katika glavu yake. Yaliyofanywa na wapenda urembo yameturudisha nyuma katika jambo tulilokuwa tumebahatika.

Juu ya kamera nitasema kwa ufupi. Katika karne ya 20 kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe iwe kipimo cha rangi ya ngozi, na watu weusi wakatoka gizani au wakapotea macho na meno. Transsion ya Shenzhen huko Uchina, itengenezayo Tecno, Infinix na itel, ilipata soko kubwa Afrika kwa kufanya jambo rahisi: ilizipima kamera zake kwa nyuso nyeusi. Hiyo ni sifa ya kweli. Lakini simu yangu ilinijia na kitu kiitwacho urembo kikiwa kimekwisha kuwashwa, nacho kilinitoa ngozi laini kama ya mtoto na nyeupe kuliko ya kaka yangu yeyote. Nani aliyeiambia kwamba hilo ndilo nilitakalo? Mtunzi wa riwaya akimfanya kila mhusika kuwa mzuri kwa kumfanya mweupe, ungemwandikia nini pembeni mwa ukurasa?

Neno Ruhusu nimelitaja nikapita, nalirudia. Kila programu mpya huomba: niruhusu nione majina, niruhusu nijue ulipo, niruhusu nisikie. Mwaka 2013 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilimlaumu mtengenezaji wa programu moja ya tochi, iliyopakuliwa na mamilioni ya watu, kwa kuwapelekea watangazaji biashara habari za mahali walipo wenye simu pasipo kuwaeleza sawasawa. Tochi, msomaji! Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, na ya mtu aliyeelezwa. Na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, katika programu nyingi nilizofungua, kitufe cha kukubali kilikuwa kwa Kiswahili, na masharti yenyewe, kurasa na kurasa, kwa Kiingereza cha mawakili. Aliyebonyeza Kubali juu ya maneno asiyoweza kuyasoma ameridhia nini? Sijui wakili angejibu nini. Mwalimu wa ufahamu hawezi kumpa alama mwanafunzi huyo.

Ya mwisho katika lawama ni umiliki. Mtu alipwaye kwa siku hawezi kutoa maelfu kwa mkupuo mmoja. Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, na simu yake ya bei ndogo ikatangazwa kwa shilingi 7,499. Hiyo nayo, kwa kibarua, ni fedha za siku nyingi. Basi wengi huchukua simu kwa mkopo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, kwa malipo yanayoanzia shilingi 20 kwa siku. M-KOPA nao, walioanza kwa taa za jua, wakaingia katika simu. Simu za mikopo ya aina hii zina kufuli ndani yake: malipo yakikosekana, kioo hufungwa na kazi zake nyingi husimama. Mkopeshaji ana hoja, kwa sababu anayemkopesha hana hati ya shamba wala ng'ombe wa kuweka rehani, na bila kufuli angenyimwa kabisa. Lakini fikiri kufuli hilo hufunga siku gani. Hufunga siku ambayo kibarua hakikupatikana, na kibarua cha kesho hutangazwa katika kundi la WhatsApp lililo nyuma ya kioo hicho hicho.

Nimelaumu sana, na msomaji mwenye haki ataniuliza kwa nini basi watu wa Mathare huinunua, tena kwa kujinyima. Hawanunui kwa upumbavu. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Katika miezi ile, nyumba yenye simu ya kioo ilipata walau masomo machache, na nyumba yenye kabambe ilingoja. Leo maombi ya kuingia chuo kikuu na ya mkopo wa masomo hupelekwa kwa mtandao, na huduma nyingi za serikali zimewekwa huko huko. Mto Mathare ulipofurika Aprili 2024 na kubeba nyumba na watu, kila karatasi iliyokuwa chini ya godoro ilikuwa hatarini. Picha ya cheti cha kuzaliwa iliyohifadhiwa kwenye mtandao hailowani. Kabambe haiwezi mengi katika hayo.

Na kuna faida nyingine, ambayo sikuitazamia, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 chenye watu sita hapana mahali pa mtu peke yake. Kila barua husomwa na wengi, kila neno husikika hadi nyumba ya pili kupitia mabati. Kijana wa miaka 16 akiutazama ule mwanga wake mdogo usiku, masikio yamezibwa kwa waya, huwa amepata chumba. Humo husoma riwaya ambayo maktaba ya shule haina, husikiliza somo la kemia mara ya tatu bila kuchekwa, au humwandikia rafiki jambo asiloweza kulitamka nyumbani. Watunzi wa simu hawakukusudia hili. Wao, nadhani, walimfikiria mtu mwenye chumba tayari. Lakini kazi yo yote njema huweza kutoa zaidi ya ilivyokusudiwa, na mhakiki mwaminifu hana budi kuiandikia alama hiyo. Ndiyo sababu pia makosa yale mengine yanauma: chumba hiki chenye mlango mmoja kina dirisha kwa mtangazaji biashara, na mwenye mkopo ana ufunguo wake.

Watu wa bondeni wamekwisha kuuhakiki huu ujanja wa simu kabla yangu, na hukumu yao waiweka mifukoni. Wengi hubeba mbili. Ya kioo hubaki nyumbani au ndani kabisa ya nguo, kwa kusoma, picha na maombi ya chuo; kabambe hutembea nao barabarani, ikiwa na laini ya M-Pesa, ili mwizi akipata kimoja asipate vyote. Nami baada ya wiki tatu nimeirudisha laini ya fedha katika simu ya zamani. Wakati niandikapo haya ina vipande vitatu vya betri, na siku niliyoichaji imenitoka kichwani.